Madoa ya maji kwenye gari uliloosha nyumbani: dalili, visababishi na namna ya kuyaondoa

Kwa wanaooshea magari nyumbani kuanzia Dar es Salaam hadi Tanga, Mombasa na Unguja, malalamiko ni yale yale. Gari limesuguliwa, limesuuzwa, linang'aa likiwa bado limelowa; likishakauka tu, boneti na paa vimejaa vitone vyeupe. Mwenye gari anaosha tena, na madoa yanazidi.

Maji yakikauka, kinachoondoka ni maji peke yake. Chokaa, magnesiamu na chumvi zilizokuwa zimeyeyuka ndani yake hubaki pale pale tone lilipokuwa. Sehemu kubwa ya mwambao wetu imekaa juu ya miamba ya matumbawe, na miamba hiyo ni chokaa. Visima vilivyo karibu na bahari navyo huingiliwa na maji ya chumvi, hasa vikivutwa sana wakati wa kiangazi. Kwa hiyo karibu kila tatizo lililo hapa chini lina chanzo kimoja: kuna tone la maji lililoachwa likajikaukia lenyewe. Kazi yako ni kujua ni tone gani, lilitoka wapi, na lilikaukia wapi.

Anza na dalili inayofanana na yako. Katika kila dalili, kisababishi kinachotokea mara nyingi zaidi ndicho kilichotangulia.

Kwanza yajue maji yako

Chukua kioo cha kujitazamia, kifute kiwe safi kabisa, kilaze kivulini. Dondosha tone moja moja la kila maji uliyonayo nyumbani: ya bomba (DAWASA kwa walio Dar es Salaam), ya kisima, ya mvua, na ya kunywa ya lile dumu la lita 20. Kumbuka lipi liko wapi, kisha acha yote yakauke.

Tone la mvua huacha alama hafifu au lisiache kitu. Tone la kisima cha chumvi huacha duara jeupe lenye ukingo mnene kuliko katikati, na ukiligusa kwa ncha ya kidole unalihisi. Sasa lowesha kidole kwa maji ya kunywa, ukipitishe juu ya duara hilo. Likiyeyuka na kutoweka, kilichokuwamo zaidi ni chumvi. Likibaki gumu, ni chokaa. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu chumvi hutoka kwa maji baridi tu, ila chokaa haitoki mpaka iguswe na kitu chenye asidi.

Birika lenye ukoko mweupe ndani na sabuni ya kipande isiyotaka kutoa povu ni ushahidi mwingine wa maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Mwenye kipima TDS, kile kifaa cha kupima madini na chumvi zilizoyeyuka ndani ya maji, atapata namba kamili. Kwa kazi ya kuosha gari, maji yaliyo chini ya 50 ppm, yaani miligramu 50 kwa lita, hayaachi madoa ya kukusumbua. Yakipita 200 lazima ukaushe haraka. Yakikaribia 1,000 usitegemee taulo peke yake. Tafuta maji mengine ya kusuuzia mara ya mwisho.

Waliofunga mashine ya kulainisha maji nyumbani hushangaa kuona madoa bado yapo. Mashine ile haitoi madini yote. Hubadilisha chokaa kwa sodiamu, na kipima TDS kitasoma karibu namba ile ile. Faida yake ni kwamba doa linalobaki hutoka kirahisi. Ukitaka maji yasiyo na kitu, ni ya mvua au yaliyopita kwenye mtambo wa RO, ule unaochuja madini kwa kuyasukuma maji kupitia utando maalumu.

Dalili ya 1: Gari zima lina vitone vyeupe mara tu baada ya kuosha

Kisababishi cha kwanza ni joto la bodi, na hata maji mazuri hayawezi kukuokoa hapo. Umetoka kazini, injini bado inatoa moto, unaosha boneti saa 9 alasiri: maji yanakauka kabla hujafika mlango wa nyuma. Weka mgongo wa mkono kwenye boneti. Ukishindwa kuuacha hapo sekunde 5 kwa raha, usianze. Sogeza gari kivulini, subiri nusu saa au zaidi. Kusubiri kunalinda pia diski za breki, ambazo zikiwa za moto hazifai kumwagiwa maji baridi ghafla. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya saa 2, au jioni kuanzia saa 11. Ila jioni usichelewe mpaka giza, kwa sababu hutaona tone ulilolisahau. Kivuli nacho kisikudanganye kama upo mahali penye upepo wa bahari. Upepo unakausha matone sawasawa na jua.

Kisababishi cha pili ni mpangilio wa kazi. Watu wengi hupaka sabuni gari zima, kisha wanasuuza. Paa lililoanza linakuwa limekauka na sabuni juu. Lowesha gari zima, osha paa, suuza. Osha vioo na boneti, suuza. Halafu ubavu mmoja mmoja, na mwisho sehemu za chini na rimu. Kila baada ya hatua rudisha maji kidogo kule ulikotoka, gari libaki limelowa mpaka dakika ya kulikausha. Kama kazi unampa kijana, mwambie kabla hajaanza: "Mdogo wangu, leo usipige sabuni gari zima. Maliza paa, suuza, ndipo ushuke." Ukimwambia katikati ya kazi umeshachelewa.

Cha tatu ni maji yenyewe. Kama jaribio la kioo lilionyesha duara nene, osha kwa maji hayo hayo ya kisima ukitaka, lakini ya mwisho kugusa bodi yawe mengine. Lita 10 hadi 15 za maji ya mvua au ya dumu zinatosha gari dogo. Yamimine kwa jagi au keni ya kumwagilia bustani kuanzia katikati ya paa, taratibu, yashuke kama shuka moja. Usiyarushe. Maji yanayoteremka kwa pamoja huvuta matone mengine na kuondoka nayo. Yanayorushwa hubaki vitone elfu. Hata kwa mpira wa maji, toa ile pua ya mbele, acha maji yatiririke tu.

Maji ya betri nayo hayana madini, na wapo wanaoyatumia kumalizia boneti. Hapo kuwa mwangalifu sana. Maduka ya vipuri huuza maji ya betri na tindikali ya betri kwenye chupa zinazofanana, wakati mwingine kwenye rafu moja. Soma lebo. Chupa isiyo na lebo, au yenye maandishi yaliyofutika, usiifungulie karibu na gari wala karibu na macho yako.

Cha nne ni kutokausha kabisa, ukiamini kwamba kuendesha gari kutalikausha. Upepo wa barabarani huondoa matone makubwa. Madogo hubaki na kukauka, na vumbi linanasa juu yake.

Dalili ya 2: Michirizi na ukungu, hata pale ulipofuta

Hapa si chokaa. Mara nyingi ni sabuni.

Sabuni ya unga ya kufulia ina magadi na vijazio vinavyobaki kwenye bodi kama utando, na inakokota waksi yote uliyopaka. Sabuni ya maji ya mtaani ni afadhali kidogo, lakini kila anayeitengeneza anajua kwamba chumvi ndiyo inayoipa uzito. Unaosha gari kwa chumvi ya ziada. Sabuni ya kipande ikikutana na maji magumu hufanya utando mweupe wenye grisi unaong'ang'ania vioo. Tumia shampuu ya gari, na pima kama lebo inavyosema. Kuongeza kipimo hakuongezi usafi, kunaongeza kazi ya kusuuza.

Ukishabadilisha sabuni na michirizi bado ipo, tazama taulo. La maikrofaiba lililofuliwa kwa dawa ya kulainisha nguo huwa halinyonyi tena. Linasukuma maji huku na huku. Lifue kwa sabuni kidogo ya maji, lisuuze sana, lianike kivulini. Fulana kuukuu haifai kwa kazi hii: mishono yake inakwaruza, na pamba ikishalowa inaacha maji nyuma yake. Kuwa na mataulo mawili, kubwa la kunyonya na dogo kavu la kumalizia. Kubwa lilaze juu ya boneti, ulivute kuelekea kwako bila kulikandamiza.

Kisababishi cha mwisho na kisichotokea sana ni waksi iliyopakwa nyingi na isifutwe yote. Ifute kwa taulo kavu jingine na ukungu utaondoka.

Dalili ya 3: Madoa sehemu moja tu, chini ya saiti mira au taa za nyuma

Maji yamejificha kwenye nafasi, yanatoka polepole baada ya wewe kumaliza. Endesha gari mita mia kadhaa, funga breki mara mbili tatu taratibu mahali salama, fungua milango na buti, halafu futa upya vishikio, kingo za taa na kibao cha namba. Mwenye blowa aipulize kwenye nafasi hizo kabla ya kukausha bodi.

Kama maji yanatoka chini ya mlango kwa muda mrefu baada ya kuosha, vitundu vya kutolea maji vimeziba kwa tope. Vizibue kwa kijiti laini, si msumari. Ukikuta zulia la ndani limelowa, achana na suala la madoa: mpelekee fundi aangalie mipira ya milango, kwa sababu maji yaliyotuama sakafuni huleta kutu na kuharibu nyaya zinazopita pale.

Dalili ya 4: Uliosha vizuri, asubuhi umekuta madoa

Mvua fupi ndiyo ya kulaumiwa mara nyingi. Mvua yenyewe ni maji laini, lakini ikikuta vumbi juu ya bodi inaliyeyusha kidogo na kuliacha kwenye duara. Manyunyu ya vuli ni mabaya kuliko mvua kubwa ya masika, kwa kuwa hayatoshi kuosha. Umande hufanya vivyo hivyo. Dawa ni kusuuza na kukausha siku hiyo hiyo, kabla jua halijapanda.

Cha pili ni maji ya bustani. Mpira wa kumwagilia ukoka ukitumia kisima, gari lililo karibu linapata chumvi kila jioni na linakaukia hapo. Hamisha gari, hakuna dawa nyingine.

Cha tatu kinawapata wanaoegesha chini ya maghorofa. Maji yanayopenya kwenye dari la zege hubeba chokaa kali, na tone lake linaweza kuila rangi ndani ya muda mfupi. Ukiona tone la aina hiyo likiwa bado bichi, limwagie maji mengi usilifute. Saruji iliyorukia gari kutoka kwenye ujenzi ni hatari zaidi. Usiibandue kwa kucha wala kisu. Kama imeshaganda, hiyo ni kazi ya fundi rangi.

Lipo kundi moja ambalo huchanganyikiwa zaidi hapa: waliopaka waksi au mipako ya kisasa. Wanaona madoa mengi kuliko zamani na kudhani wameuziwa kitu kibovu. Mipako inafanya maji yajikunje kuwa matone ya mviringo, na kila tone likikauka huacha doa lake dogo lenye ukingo. Ulinzi unafanya kazi, doa limekaa juu ya mipako na si ndani ya rangi. Lakini gari hilo linahitaji kukaushwa kwa umakini zaidi ya lile lisilo na kitu.

Dalili ya 5: Kioo cha mbele kina ukungu, na usiku taa za wanaokuja zinatawanyika

Hii naiomba uichukulie kwa uzito kuliko zote, kwa sababu si urembo tena. Barabara ya usiku yenye pikipiki na bajaji zisizo na taa haitaki kioo chenye utando.

Anza na chupa ya maji ya wipa. Wengi huijaza maji ya bomba la uani, na kila wakibonyeza wanapaka chokaa upya. Imwage, jaza maji ya mvua au ya RO. Kisha futa mpira wa wipa kwa kitambaa chenye siki. Mpira uliochoka au wenye mchanga unaburuza doa kioo kizima. Ukiona umepasuka, badilisha.

Kwa kioo chenyewe, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha taulo, lilaze juu ya doa dakika 3 hadi 5, sugua, suuza. Doa gumu linaweza kuhitaji kurudiwa. Likigoma, kioo cha nje kisicho na mipako kinavumilia pamba ya chuma laini kabisa ya daraja la 0000 ikiwa imelowa. Stilwaya ya kusugulia masufuria hapana. Itaacha mikwaruzo ya kudumu. Upande wa ndani usiuguse kabisa kwa kitu kikali, hasa kwenye tinti na zile nyaya za kuondoa ukungu kioo cha nyuma.

Kioo chenye ufa simamisha kazi, peleka gari kwa fundi vioo kwanza.

Dalili ya 6: Doa haliondoki kwa kuosha

Pitisha kucha, polepole, juu ya doa. Ukihisi kitu kimeinuka, ni ukoko juu ya rangi na unatoka. Ukihisi laini lakini jicho bado linaona duara, madini yameshaila klia, ule utando wa juu unaong'aa. Rangi ya doa nayo inasema kitu: lenye kahawia au chungwa ni chuma kutoka kwenye bomba au tangi lenye kutu, na linataka dawa maalumu ya kuondoa chembe za chuma, siyo siki.

Kwa ukoko mweupe tumia siki na maji nusu kwa nusu, gari likiwa kivulini na bodi baridi. Jaribu kwanza sehemu ndogo isiyoonekana. Laza kitambaa dakika 1 au 2, futa bila kukandamiza, suuza kwa maji mengi, kisha osha kwa shampuu. Ndimu inafanya kazi hiyo hiyo, ila ina sukari, isuuze mara mbili. Usiache siki ikauke juu ya rangi, isiguse alumini isiyo na mipako, na isimwagike kwenye sakafu ya marumaru au terazo, maana hiyo nayo ni chokaa na italiwa.

Usichanganye siki na jiki kwa hali yoyote. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Dawa ya kusafishia choo isiguse gari. Nyingi zina asidi kali. Ukoko utatoka, na klia itatoka nao, na vyuma vilivyo karibu vitaanza kutu.

Siki ikishindwa mara mbili, usiongeze ukali wala muda. Huenda si chokaa. Maji ya maeneo ya volkano, kama kuuzunguka Mlima Meru, yanaweza kubeba silika, madini yale yanayopatikana kwenye mchanga na kioo, na siki haiyawezi. Udongo maalumu wa kusafishia bodi, ukiteleza juu ya maji ya shampuu, huondoa sehemu ya ukoko wa namna hiyo.

Linalobaki ni kupiga polishi. Fahamu unachokigusa: klia ya kiwandani ni kama maikroni 40 hadi 50, takriban nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Magari yetu mengi yameingia yakiwa yameshatumika, na huenda yalishapigwa polishi kabla hujayaona. Polishi laini kwa mkono, eneo la ukubwa wa kiganja, ni jaribio salama. Tazama kitambaa chako kila mara. Kikianza kushika rangi ya gari, acha pale pale. Ama klia imekwisha, ama gari lilipakwa rangi isiyo na klia. Vyovyote vile, kuendelea ni kulifuta gari. Kwenye kingo za milango na mistari ya boneti usipige kabisa, klia ni nyembamba zaidi hapo. Gari lenye rangi isiyong'aa au lililovikwa stika halipigwi polishi. Lililotoka kupakwa rangi gereji liache mpaka muda aliokupa fundi rangi uishe.

Mashine ya polishi mwachie mwenye uzoefu. Peleka gari kwa fundi pia kama doa lina kishimo unachokihisi kwa kucha, kama klia imeanza kubanduka, au kama madoa yamejaa kwenye taa za plastiki, kwani taa zina utando wake wa kuzuia jua na ukishatoka taa inapauka upesi. Muulize kama ana kipima unene wa rangi, na aupime mbele yako. Mweleze maji unayooshea ni ya wapi na umeshatumia nini. Mwombe aanze na kipande kimoja kidogo, mkitoe juani mkitazame wote wawili, ndipo aendelee na kilichobaki.